Rupia ya Mjerumani haivuti mchele

Mitaani inasemwa kwamba rupia ya Mjerumani, ile sarafu ya fedha ya zama za ukoloni, ikiwa "yenyewe" ina nguvu za ajabu na inauzwa mamilioni. Naanza na jambo lililotugharimu zaidi: rupia ya Mjerumani haivuti mchele. Haizimi simu, haichezeshi dira, wala haina zebaki nyekundu tumboni. Ni madini ya fedha yaliyochanganywa na shaba kidogo ili yasilike haraka, basi. Ukiona mtu anakupimia sarafu kwa punje za mchele, muage kwa adabu na umfungulie mlango, hata kama amekuja na gari zuri na anaongea taratibu kama shehe.

Najua wapo watakaosema, "huyu hajawahi kuona yenyewe." Mjomba wangu naye alisema hivyo hivyo. Basi nieleze tulivyopita.

Bibi yetu mzaa mama alifariki Muheza akiwa ameshakula chumvi nyingi. Baada ya arobaini wakubwa walikifungua kibweta chake. Mlikuwa na kanga ambazo hazijawahi kuvaliwa, karatasi za shamba, ushanga, na kifuko cha kitambaa kilichofungwa fundo gumu. Ndani ya kifuko tulikuta rupia nne za Mjerumani, moja imelehemewa kitanzi cha kutungia mkufu. Rupia moja ya Malkia Victoria. Reale moja kubwa yenye sura ya mwanamke. Na shilingi tatu za zamani zenye picha ya simba.

Kwa watu wa Muheza hilo si ajabu. Mjerumani alianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, na mashamba ya milima ya Usambara yalihitaji vibarua wa kulipwa. Wapo waliozitumia rupia zao, na wapo waliozitoboa au kuzitia vitanzi wakawavisha wake na mabinti zao. Bibi alikuwa akituambia kwamba ile yenye kitanzi mama yake aliivaa siku ya harusi.

Habari za kifuko zilifika sokoni kabla hata wageni hawajaondoka. Hazikupita siku nyingi mjomba akanipigia simu, sauti imejaa furaha: "Mwanangu, Mungu ametukumbuka." Alikuwa amempata dalali, na dalali alikuwa na mzungu hotelini Dar es Salaam, na mzungu alikuwa tayari kutoa mamilioni kwa kila rupia itakayoonekana "ina nguvu." Kilichobaki ni kipimo tu.

Nilikuwepo siku ya kipimo. Dalali alitandika karatasi nyeupe juu ya mkeka, akamwaga punje chache za mchele kutoka kwenye bahasha yake mwenyewe, kisha akatoa sarafu ya manjano aliyoiita sampuli. Ilikuwa na maandishi ya East India Company, mwaka 1818, na upande wa pili picha ya mungu wa Kihindu. Alipoisogeza, punje zikaanza kutambaa zikaigandia. Mama mdogo alipiga ukelele. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama, siwezi kukataa.

Halafu akaleta rupia za bibi karibu na mchele ule ule. Kimya. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema zimelala, zinahitaji kemikali ya kuziamsha, na kemikali hiyo ni shilingi laki nne. Mjomba alikuwa ametoka kuuza machungwa. Alizihesabu mle mle sebuleni, na ndiyo ikawa mara ya mwisho ya namba ya simu ya dalali kupatikana.

Wakati watu wanamsindikiza, niliokota punje zilizoangukia kwenye mkeka. Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari, sumaku ninazo. Kesho yake nilizisogezea sumaku ya kawaida, punje zikarukia. Chini ya lenzi zilionekana zimepakwa vumbi jeusi la chuma. Mchele wa jikoni kwetu, sumaku ile ile, haukujigusa. Kwa hiyo sumaku ilikuwa ndani ya ile sampuli, na chuma kilikuwa kwenye mchele. Na vidude vile vyenye miungu na mwaka 1818 havikuwahi kuwa sarafu za Kampuni ya India Mashariki. Vimetengenezwa baadaye sana, na India kwenyewe vimewatoa watu jasho kwa utapeli huu huu wa mchele.

Nilimpelekea mjomba punje zile na sumaku ajionee. Alitazama, akacheka kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lilipaswa kuulizwa mwanzo: "Sasa hizi za mama ni za kweli au si za kweli?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Vitu vitatu vinakupa sehemu kubwa ya jibu: mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kalipa ya mafundi mitambo ya kupimia upana na unene, na lenzi ya fundi saa. Mizani ya namna hiyo wauza dhahabu wanayo, na ndogo za mfukoni zinauzwa bei ya kawaida tu. Kama una ndugu anayefanya kazi maabara, umemaliza.

Rupia moja ya Mjerumani, iwe ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliyotolewa kuanzia 1890 au ya serikali ya koloni iliyoanza 1904, ilitengenezwa kwa uzito wa gramu 11.66 na upana wa milimita 30 na kitu. Nusu rupia ni nusu ya uzito huo, robo ni robo yake. Kati ya kila sehemu 1,000 za madini yake, 917 ni fedha na zilizobaki ni shaba. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu miaka mingi hupungua kidogo, kwa hiyo usitegemee kupata 11.66 kamili. Za kwetu, ile ya 1892 ilisoma 11.52, ya 1898 ikasoma 11.55, na ya 1911 ikasoma 11.60. Ile ya kitanzi, ya mwaka 1890, ilizidi gramu 12, kwa sababu unapima sarafu pamoja na lehemu na kitanzi chake. Ukiona rupia isiyo na kitanzi inazidi 11.70, au imeshuka hadi 10 na sura yake bado imejaa, anza kuitilia shaka.

Uzito peke yake haukamatishi kila bandia, kwa sababu mtu anaweza kuongeza unene hadi mizani ikubali. Hapo nikatumia jambo ambalo wanafunzi wetu hulifanya kwenye fizikia na kulisahau baada ya mtihani, kanuni ya Archimedes. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha funga sarafu kwa uzi mwembamba uizamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Uzi umeushika wewe, kwa hiyo mizani haisomi uzito wa sarafu, inasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Rupia ya 1911 ilinipa 1.12. Gawanya 11.60 kwa 1.12, unapata kama 10.36, yaani sarafu ni nzito mara 10.36 kuliko maji ya ujazo ule ule. Mchanganyiko wa fedha wa rupia unatakiwa uwe karibu na 10.3. Mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao bandia nyingi nyeupe hutengenezwa nao, huangukia karibu na 8.9, shaba ya manjano iko chini kidogo ya hapo, risasi inazidi 11. Angalia tu viputo vya hewa visikae kwenye sarafu, vinaharibu hesabu. Ile ya kitanzi sikuipima kwa njia hii, ingenidanganya.

Sumaku nayo ina kazi yake, ila watu huielewa nusu. Sarafu ikinata kwenye sumaku, si ya fedha, mwisho wa maneno. Isiponata, bado hujathibitisha chochote, maana shaba, risasi na aluminiamu hazinati pia.

Mjomba alifurahi sana kwa majibu haya. Alifurahi kupita kiasi, kwa sababu bila kutuambia alienda kununua nyingine ili auze zote pamoja. Alirudi na sarafu moja kubwa, ile ya rupia mbili, aliyoinunua kwa shilingi laki mbili na nusu kutoka kwa kijana aliyedai ameichimba karibu na boma la zamani la Mjerumani.

Hapa niseme kidogo kuhusu kuchimba. Kila penye boma la Mjerumani, au mti mkubwa uliopandwa zama zake, kuna mashimo ya watu wanaotafuta mali. Wengi hupata misumari. Na kwenye magofu yaliyotangazwa kuwa ya kihistoria, kuchimba bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kwa hiyo muuzaji anayejisifu kwamba ameifukua gofuni, ama anakuuzia uongo au anakuuzia kesi.

Ya mjomba ilikuwa uongo, na ilijisema yenyewe. Mwaka uliochongwa ulikuwa 1892. Sarafu ya rupia mbili ya Mjerumani ilitolewa miaka miwili tu, 1893 na 1894. Hata kabla ya mizani, tarehe ilikuwa imeshatoa hukumu. Uzito unaotakiwa ni gramu 23.32, yake ilikuwa 18.9. Kwenye maji ikatoa kama 8.8. Kisha nikaigeuza ukingo wake kwenye mwanga. Sarafu iliyopigwa chapa kiwandani ina mikato midogo pembeni, iliyosimama sawasawa na yenye nafasi sawa kuzunguka yote. Hii ilikuwa na mikato inayofifia na kurudi, na katikati yake mstari mwembamba uliosuguliwa kwa tupa, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Usoni, chini ya lenzi, kulikuwa na vishimo vidogo vidogo vya mapovu, na herufi zake zilikuwa na mabega ya duara, hazikusimama. Sarafu iliyomiminwa huwa hivyo. Iliyopigwa chapa inaweza kusagika hadi sura ikapotea, lakini sehemu zake tambarare hubaki laini na zimebana.

Mjomba alikaa kimya muda, halafu akasema, "Labda mizani yako imekufa." Nikaweka jiwe la mizani la gramu 20 mbele yake, likasoma 20.00. Hakusema kitu, lakini nyumbani ilitoka habari nyingine: kwamba mimi ndiye niliyekaa na sarafu maabara, na nani anajua kama zilizorudi ndizo zilizoenda.

Hilo liliniuma kuliko laki nne, maana lilisemwa na watu walionilea. Na sikuwa na cha kuwajibu. Siku kibweta kilipofunguliwa hakuna aliyeandika mwaka wa sarafu hata moja. Kila mtu alikumbuka "rupia za bibi" na kila mtu alikumbuka idadi yake. Ukikuta kitu kama hiki kwenye mirathi, kabla hakijatoka chumbani, kipige picha pande zote mbili na ukingo, andika mwaka na herufi zilizomo, pima mbele ya wakubwa, wote watie saini. Ni kazi ya nusu saa, na inaokoa undugu.

Tukakubaliana twende kwa mtu ambaye si wa ukoo. Tanga mjini kuna sonara mzee, wa kurithi kazi kwa baba yake, na tukaenda kundi zima: mjomba, mama mdogo, mimi na binamu yangu. Mzee hakutaka kusikia hadithi yetu. Alifungua droo, akatoa mizani ya vikombe viwili na jiwe dogo la shaba lililochakaa.

"Hii ni tola," alisema, yaani kipimo cha zamani cha uzito cha Bara Hindi. "Weka rupia yako hapa."

Niliweka ile ya 1911. Mkono wa mizani ukacheza, ukasimama karibu kabisa na katikati. Akaweka ya Malkia Victoria, vile vile. "Rupia ni tola moja, mama. Mjerumani alipokuja aliikuta rupia ya Bara Hindi ndiyo inayotembea pwani yote, naye akapiga ya kwake kwa uzito ule ule ili watu wazikubali. Baba yangu hakuwa na mashine. Alikuwa na hili jiwe."

Nilikuwa nimetoka kusoma 11.66 kwenye orodha za sarafu bila kujiuliza ilitoka wapi. Mzee alinipa chanzo chake kwa sentensi moja. Na kwa yeyote aliye mbali na maabara, hii ni njia ya kukumbuka: masonara wengi wa pwani bado wanaijua tola, na rupia nzima isiyosagika sana lazima ikaribiane nayo, iwe ya Mjerumani, ya Bara Hindi, au ile iliyotolewa Mombasa na Kampuni ya Kiingereza mwaka 1888.

Akaangusha kila sarafu juu ya jiwe la marumaru kutoka kimo kidogo. Fedha hulia, sauti nyembamba inayokaa. Ile ya mjomba ilisema "tak" ikanyamaza. Ya kitanzi nayo haikulia vizuri, lakini mzee akatuambia tusiihukumu kwa hilo, maana lehemu na nyufa huua sauti ya sarafu halisi.

Kisha akatuonyesha pa kutazama kwa lenzi. Sarafu ikiwa imepakwa fedha juu ya shaba, huanza kujifichua sehemu zilizoinuka: kwenye rupia ya Mjerumani ni tai aliyeko juu ya kofia ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, masharubu yake, na shavu. Ukiona wekundu au umanjano unachungulia hapo, umeshapata jibu. Weusi wa kwenye mabonde ya herufi usikutishe. Fedha hufanya weusi, na weusi huo ni ushahidi mzuri.

Alipotaka kukwaruza moja kwenye jiwe lake la kupimia na kudondosha tindikali, nilimzuia. "Mzee, samahani, hizi tunataka kuziuza kama sarafu." Akacheka, akasema wenzake wote wangekwaruza. Tindikali inasema kweli, lakini inaacha kovu, na mnunuzi wa sarafu atalihesabu hilo kovu. Kama bado una wasiwasi, wanunuzi wakubwa wa dhahabu wana mashine ya miali inayosoma asilimia ya madini bila kugusa kitu. Lipia hiyo, tena baada ya kupima, na wewe mwenyewe ukiwa umesimama pale.

Mama mdogo aliniomba msamaha kwenye daladala tunarudi. Mjomba alituachia viti vya mbele, akakaa nyuma peke yake.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji kifaa chochote, nacho ni kusoma. Watengeneza bandia mara nyingi hawasomi. Rupia za fedha za Kampuni, zenye ngao ya simba na mnazi na jina refu la Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, zinaanza 1890 na kuishia 1902, na katikati hakuna ya 1895 wala ya 1896. Zinazofuata zina maneno Deutsch Ostafrika na "1 Rupie" ndani ya shada la majani, kuanzia 1904 hadi 1914, na zina herufi ndogo ya kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Ukiletewa rupia ya Mjerumani ya 1885, ya 1903, au ya 1920, usihangaike na mizani. Kwa rupia ya Bara Hindi, tazama cheo cha Victoria: za kuanzia 1862 zinamwita Queen, na Empress inaanza 1877. Zikipishana, kuna mtu amechanganya.

Reale ya bibi ilinifundisha kwamba hata swali "ni ya kweli?" lina pande mbili. Ni ile sarafu ya Maria Theresa wa Austria, gramu 28 na kidogo, upana karibu milimita 40, fedha sehemu 833 kwa 1,000, na pembeni badala ya mikato ina maandishi ya Kilatini, Iustitia et Clementia. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki. Binamu yangu alipiga hesabu akaona tuna kitu cha karne mbili na nusu. Lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Ethiopia na pwani yetu waliizoea sura ile kiasi kwamba viwanda viliendelea kuipiga kwa mwaka ule ule wa 1780, Vienna, na baadaye hata Roma, London, Paris na Bombay. Vienna haijaacha. Kwa hiyo yetu ni ya fedha halali, uzito halali, imetoka kiwanda halali, na inaweza kuwa ilipigwa wakati bibi ni mtoto. Anayekuuzia reale kwa bei ya "mwaka 1780" akupe sababu nyingine mbali na namba iliyoandikwa.

Shilingi za simba nazo zilitupunguzia matumaini. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kuanzia 1921 hadi 1946 ni robo tu fedha, na kuanzia 1948 haina fedha hata chembe. Zetu zilikuwa za 1922 na 1924, zimechoka. Ni kumbukumbu nzuri, si mtaji.

Sasa la kusikitisha. Kabla ya kwenda Dar es Salaam kuonana na mkusanyaji wa sarafu, binamu yangu alitaka zipendeze. Alizisugua rupia za 1892 na 1898 kwa limau na majivu, kama tunavyosugua sufuria, hadi zikang'aa kama kijiko kipya. Alikuwa na nia njema kabisa. Mkusanyaji alizishika kwa ukingo, akaziinamisha chini ya taa, na hata mimi niliona mikwaruzo midogo inayokwenda upande mmoja. "Halisi," alisema, "lakini zimeoshwa." Kwa ile ya 1911, ambayo ilibaki na weusi wake, alitoa shilingi laki moja na thelathini. Kwa zile mbili zilizosuguliwa alitoa elfu hamsini kila moja, na akasema kwamba analipia zaidi fedha iliyomo. Rupia moja ina kama gramu 10.7 za fedha safi, theluthi moja ya aunsi, kwa hiyo kila mtu anaweza kuangalia bei ya siku na kujua sakafu yake iko wapi. Hakuna rupia ya kawaida inayofika mamilioni. Mwaka adimu kama 1894, au sarafu ambayo haijawahi kutumika kabisa, huenda mbali zaidi, lakini hizo hazikai kwenye vifuko vya bibi zikigongana.

Ya kitanzi hakuitaka. Ya Victoria aliichukua kwa bei ndogo, maana zilitolewa nyingi mno. Aliuliza pia kama tuna zile za dhahabu za Tabora za mwaka 1916, zenye tembo, rupia 15. Tukacheka sote. Alisema kila familia humjibu kwa kicheko kile kile, na kwamba katika zote alizowahi kuletewa za namna hiyo, nyingi zilikuwa shaba ya manjano.

Hesabu yetu ndiyo hii: laki nne za kemikali, laki mbili na nusu za rupia mbili ya uongo, nauli na chakula cha watu wanne kwenda Tanga na wawili kwenda Dar es Salaam. Tulichopata hakikufikia nusu ya tulichotoa. Mjomba aligawa kile kidogo kama mirathi inavyotaka, senti kwa senti, bila kukata gharama zake, na sikutegemea hilo. Mama mdogo alipewa ya kitanzi.

Reale tuliirudisha. Mkusanyaji ananisubiri nimpigie picha ya karibu ya mkia wa tai, lulu za bruchi, yaani pini ya pambo, begani mwa Maria Theresa, na maandishi ya ukingo. Kwa hivyo vitu vitatu wajuzi hutenganisha iliyopigwa Vienna na iliyopigwa Roma au Bombay. Picha za kwanza nilizomtumia alizikataa, nilikuwa nimewasha mwanga wa simu na fedha yote ikaonekana nyeupe. Ameniambia nipige mchana, karibu na dirisha, sarafu ikiwa juu ya kitambaa cheusi, na rula iwe pembeni yake.